Uume unasimama, mbona raha haijarudi?

SWALI: Daktari, salaam aleikum. Nina miaka 57, naishi Lamu mjini, na sukari ninayo tangu zamani. Vidonge na sindano za kusimamisha uume zilipogoma nilikwenda kuwekewa ndani ya uume kile kifaa cha kujaza kwa pampu. Sasa ni miezi mitatu. Uume unasimama vizuri, ila kichwa chake ni baridi na laini, nauona mfupi kuliko zamani, na nachelewa mno kufika kileleni. Mke wangu anacheka, asema nafanana na mtu anayejaza upepo baiskeli. Je, walikosea kuniwekea? Na punda naweza kupanda?
Msomaji, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, mzee wangu. Kwa ulivyoeleza sioni kosa la fundi. Kifaa hiki, ambacho kilianza kutumika Marekani mwaka 1973, kina kazi moja tu: kuleta ugumu. Hamu hakileti, na raha hakiongezi wala hakipunguzi.

Mirija miwili ya kifaa imelazwa ndani ya vyumba viwili vya uume vilivyokuwa vikijaa damu. Ukiminya pampu iliyo kwenye mfuko wa korodani, maji ya chumvi hutoka katika kifuko kilichofichwa tumboni yakaingia kwenye mirija. Kichwa cha uume hakimo katika vyumba hivyo. Chenyewe hujaa damu pale tu mtu anapopata ashiki. Sasa jiulize: mnaanzaje? Wanaume wengi wakishapata kifaa huminya pampu, uume ukasimama, wakaingia kazini papo hapo. Zamani ilibidi usisimke kwanza ndipo usimame. Siku hizi unasimama kabla hujasisimka, na kichwa kinabaki baridi. Mpapasane, mzungumze, mchukue muda wenu, pampu ije baadaye. Tena mpe bibi aiminye yeye. Wapo wanandoa wengi wanaofanya hivyo, na kicheko cha baiskeli kikageuka kuwa sehemu ya mchezo. Kama hayo hayatoshi, mwulize daktari wako kuhusu sildenafili, ambayo wakati mwingine husaidia kichwa kujaa. Lakini ni marufuku kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti.

Kuchelewa kufika nako usikitupie kifaa. Mishipa ya hisia hupita juu ya vyumba vile, na upasuaji ukienda sawa haiguswi. Ndiyo maana hisia, kilele na kumwaga hubaki kama vilivyokuwa kabla. Anayeiharibu taratibu ni sukari. Pima kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, si kile cha kidoleni peke yake.

Urefu? Hapa wagonjwa wangu hunikasirikia. Kifaa hakirefushi. Mtu hupata karibu urefu ule wa uume ukivutwa ungali umelegea kabla ya upasuaji, na miaka ya sukari bila kusimama ilikuwa imeshaupunguza. Unapima na ujana wako, mzee. Kuujaza kila siku kwa muda, kama daktari wako atakavyoelekeza, husaidia kovu la ndani lisiubane.

Usimsahau bibi. Mwanamke wa makamo aliyekaa muda mrefu bila tendo huweza kuwa mkavu na akaumia, akanyamaza. Nunueni kilainishi cha maji duka la dawa.

Punda panda, maadamu jeraha limepona na huna maumivu. Angalia tu tandiko lisigandamize pampu. Lakini ukiona wekundu, usaha, maumivu yanayozidi, au ngozi imenata kwenye pampu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani vijidudu vikishika kifaa mara nyingi hutolewa chote. Na ukilazwa kwa ugonjwa wowote, mwambie muuguzi una kifaa kabla hajakuwekea mpira wa mkojo, ili kilegezwe kwanza.