Nyota za Wingu Dogo la Kusini Zina Umri Mmoja?

SWALI: Asalaam alaykum Maalim. Mimi ni mvuvi wa Kizimkazi. Msimu wa kaskazi, usiku usio na mwezi, tunaona kusini madoa mawili meupe yasiyokwenda na upepo. Skuli tuliambiwa ni galaksi. Lile dogo nimelitazama kwa darubini ya mkono, halifanani kote: pana pahala pamekoza, pengine pamechujuka. Nyota zake zilizaliwa pamoja?

JAWABU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Hazikuzaliwa pamoja, na macho yako yameona kweli.

Hilo ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi kibete iliyo umbali wa miaka-nuru 200,000 hivi. Nyota zake kongwe, nyengine zina zaidi ya miaka bilioni 10, zimetapakaa mpaka ukingoni kwa umbo lililotulia. Changa hazikutulia hivyo. Zimejikusanya mafungu mafungu sehemu ya kati, na baadhi zimevutika kuelekea lile wingu kubwa, kwa kuwa jirani huyo anaivuta gesi yake.

Umri tunausoma kwa rangi. Nyota nzito ya buluu huunguza haidrojeni yake kwa pupa, ikamalizika ndani ya miaka milioni chache; ukiiona, imezaliwa juzi kwa hesabu za mbinguni. Nyota ndogo huishi mabilioni.

Kwa nini za baadaye ziwe ndani? Nyota huzaliwa palipo na gesi. Galaksi kibete ina mvutano hafifu, na nyota zinazolipuka huipeperusha gesi, ya ukingoni ikapotea kwa wepesi. Inayosalia hushuka katikati, kama maji ya mvua yanavyokimbilia bondeni.

Mfano ninaoupenda ni galaksi kibete nyengine iitwayo Sculptor, aliyoigundua mwanafalaki Harlow Shapley mwaka 1938. Kwa macho huioni. Mwaka 2004 mwanafalaki Eline Tolstoy na wenzake walichapisha vipimo vya nyota zake vilivyochukuliwa huko Chile. Walikuta makundi mawili, yote ya kale: zenye chuma kidogo zimeenea mbali na mwendo wake unatofautiana sana; zenye chuma kingi zimebanana katikati na mwendo wake umekaribiana. Chuma hutokana na nyota na milipuko yake, kwa hiyo kizazi kinachofuata huzaliwa nacho zaidi. Galaksi ndogo vile, iliyokwishaacha kuzaa zamani, na bado unaweza kujua nani alitangulia! Mimi hili hunistaajabisha kuliko galaksi kubwa zote.

Ila uangalie jambo moja. Kuliani mwa wingu dogo, ukielekea kusini, pana kitone cha mviringo kinachong'ara. Usikihesabu. Hicho ni 47 Tucanae, kishada cha nyota cha galaksi yetu wenyewe, umbali wa miaka-nuru 15,000 hivi; kimesadifu tu kuwa upande mmoja na wingu. Disemba, kiasi cha saa tatu usiku, mawingu yote mawili yako juu ya bahari. Tazama ukiwa ufukweni, si chomboni, viwiko umeviegemeza, uanze katikati ya lile dogo uende upande wa lile kubwa.