Sweta Mbili Tunduma

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, nauza viatu Mwanjelwa. Mchumba wangu anasoma Iringa, tuna miaka mitatu. Siku hizi amebadilika, usiku hapokei simu, nahisi ana mtu. Kwa upweke nimeteleza mara moja na dada mmoja wa Tunduma, ninakofuata mzigo kila wiki. Juzi nimesahau sweta kwake, na ile ya Juni bado iko kule. Nimwache mchumba au nivumilie?*
*Mpweke, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Pole kwa upweke. Sasa tuhesabu sweta.

Aliyeteleza mara moja huacha sweta moja. Wewe unazo mbili, tena moja ya Juni, na baridi ya Juni huku kwetu naijua: mtu hasahau sweta asikolala. Hujateleza, umehamia.

Kosa la binti nimelitafuta barua nzima, nimeona moja tu: usiku hapokei simu. Mwanafunzi huyo, si analala? Wewe unampimia kwa kibaba chako. Unajua wewe usipopokea simu usiku huwa uko wapi.

Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kwamba mtu akitenda kinyume na anavyojiona, nafsi humsumbua, na mara nyingi haachi kitendo, anabadilisha maelezo. Unajiona kijana mwaminifu, basi lazima yeye awe amebadilika ndipo upate usingizi. Hata hilo "nimeteleza" linafanya kazi hiyohiyo. Tope la masika ndilo linalotelezesha, si mlango uliougonga mwenyewe.

Halafu Caryl Rusbult, mwanasaikolojia mwingine wa hukohuko Marekani, aliwafuatilia wanafunzi wa chuo wenye wapenzi, akaona kinachomfunga mtu si furaha peke yake, ni pamoja na alichokwisha kukiweka kwa mwenzake na kama ana pengine pa kwenda. Wewe umeweka nini Iringa mwaka huu? Barua haitaji hata safari moja. Nauli ya Tunduma haikosekani.

Enzi zetu mshenga angeshayanusa haya zamani. Siku hizi uchumba mnaulea kwa bando, likiisha mnasema mwenzangu kabadilika.

Huniulizi umwache. Unataka mimi niseme ni mkosaji, uondoke msafi. Sisemi.

Kachukue sweta zako, zote mbili, mchana. Kisha panda basi la Iringa ukamweleze mwenyewe, aamue yeye. Na ukifika, simu yake usiiguse.