Kabla ya Kumpima Presha, Muulize Analala Vipi

Nilipokuwa na miaka 36 nilimsindikiza mama kliniki, na muuguzi akanishawishi nami nipime presha. Alisoma namba kwenye mashine, akanifungua, akanifunga upya mkono wa pili bila kusema neno. Ilikuwa 168 kwa 104, juu mno. Daktari aliniuliza habari za chumvi, mazoezi, sigara na presha katika ukoo, nikamjibu kwamba marehemu baba alikuwa nayo, na kwamba sigara nilianza nikiwa na miaka 16. Hakuniuliza kilichonianzisha, wala mimi sikuona sababu ya kumweleza.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni. Siku ya nne baada ya mazishi nilirudishwa shuleni, na kila mkubwa aliyenipa pole aliniambia nijikaze, kwa kuwa sasa mimi ndiye mwanaume wa nyumba. Nilijikaza. Usiku nililala kitanda cha juu nikisikia moyo unavyodunda kwenye godoro mpaka kengele ya alfajiri. Mchana nilisinzia darasani, nikachapwa kwa kusinzia. Wenzangu wa bweni ndio walionionyesha kuwa sigara ya nyuma ya vyoo hutuliza.

Sidai kwamba kilio nilichokizuia ndicho kilichonipa presha. Urithi na chumvi navyo vina sehemu yao. Hata hivyo, mwili wa kijana anayeishi na hofu au huzuni ya muda mrefu huendelea kumwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kukabili hatari, kana kwamba hatari bado iko mlangoni, mapigo ya moyo hupanda, mishipa hubana, na juu ya hayo huja usingizi mbovu, ulaji ovyo na sigara kama yangu. Mwaka 2015 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya kudumu, katika ujana ihesabiwe miongoni mwa hali zinazoharakisha ugonjwa wa mishipa ya damu.

Utafiti ulionigusa zaidi ulichapishwa Januari 2023. Ulifuatilia vijana 3,478 wa Marekani tangu miaka ya tisini hadi walipokuwa watu wazima, na badala ya kuhesabu masaibu yao, uliangalia kama walikuwa na furaha na matumaini, kama walijithamini, kama walijiona wana mahali pao, na kama walihisi kupendwa. Wenye manne au matano kati ya hayo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 69, wa kudumu na presha, sukari na mafuta ya damu katika hali nzuri. Kwa jumla, waliodumu hivyo walikuwa asilimia 12 tu, jambo linalonikumbusha kwamba upendo wa nyumbani peke yake haufuti kila kitu.

Binti yangu sasa naye yuko kidato cha pili. Nimeacha kumuuliza “una nini?”, kwa sababu jibu lake ni “sina kitu” na mazungumzo huishia hapo. Namuuliza alilala saa ngapi na aliamka mara ngapi, tena tukiwa tunachambua mchele, macho yetu sote yakiwa kwenye ungo. Kijana huona aibu kusema ana huzuni, lakini haoni aibu kusema hakulala, na umri wake unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Akikosa usingizi, akijitenga au akipoteza hamu ya mambo aliyoyapenda kwa wiki mbili mfululizo, mpeleke hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Akitaja kutaka kufa, mpeleke siku hiyohiyo.

Jambo lililonigharimu zaidi ni kukubali kwamba mtu wake wa siri si lazima niwe mimi. Nilipatana na dada yangu kwamba atakayoambiwa na binti yatabaki kwake, isipokuwa yanayohatarisha maisha. Mwezi uliopita shangazi mtu na mpwa wake walizungumza kwa simu karibu saa nzima, mlango wa chumba umefungwa, nami nikabaki sebuleni na kidonge changu cha usiku na glasi ya maji, bila kujua walichokuwa wakisema.