Maswali na Majibu: Gobore la Enfield limeshika kutu, nilisafishe vipi bila kuliharibu?

SWALI: Mkusanyaji mwenzangu amenikabidhi gobore la kijeshi aina ya Enfield la muundo wa mwaka 1853, lenye pete tatu za kufungia mtutu kwenye mbao. Bamba la mtambo wa kufyatulia lina taji, neno Tower na mwaka 1861. Mtutu umeshika kutu nyekundu, skrubu mbili zimegoma kabisa, kitako kimebonyea sehemu kadhaa na kuna mtu aliwahi kukipaka vanishi nzito. Mwenyewe anataka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Nianzie wapi?

JIBU: Umefanya vizuri kuuliza kabla hujashika msasa, kwa sababu silaha nyingi za kale haziharibiwi na kutu bali na mikono ya watu wenye nia njema.

Kutu na skrubu vitasubiri. Kwanza hakikisha gobore halijashindiliwa. Bunduki za kujazwa kwa mdomoni mara nyingi ziliwekwa ukutani zikiwa na baruti na risasi ndani, na waliorithi hawakuambiwa. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu inaweza kuwaka hata baada ya zaidi ya miaka 100. Elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, usisimame mbele yake, kisha vuta nyundo hadi nusu na uangalie kama kwenye chuchu, yaani kijibomba kinachogongwa na nyundo, kuna fataki, kile kifuniko kidogo cha kuwashia baruti. Halafu chukua fimbo ya mbao iliyonyooka, iteremshe taratibu mpaka igote, na uitie alama pale inapokutana na mdomo. Itoe na uilaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawasawa na mdomo. Ncha ya fimbo inapaswa kufika karibu na usawa wa chuchu. Ikiishia sentimita kadhaa kabla ya hapo, ndani kuna kitu. Huenda ni kitambaa au kiota cha mdudu, lakini wewe kichukulie kuwa ni risasi na baruti. Usikichokoe, usitie moto wala usigonge chochote. Mpelekee fundi bunduki mwenye leseni. Fanya kipimo hiki hata kama mwenzako ameapa kwamba ni tupu.

Jambo la pili ni la kuzungumza naye. Gobore lenye maneno Tower 1861 kwa kawaida ni kazi ya mafundi wa Birmingham, Uingereza, na maelfu ya aina hiyo yaliuzwa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa pande zote mbili. Thamani yake imo kwenye mihuri: alama za kuonyesha mtutu ulijaribiwa, karibu na mwisho wa nyuma wa mtutu, mihuri ya wakaguzi kwenye mbao, namba za kikosi zilizochongwa, wakati mwingine herufi za jina la askari. Ukisugua mpaka ling'ae, hivyo vyote vinapungua au kufutika, na mkusanyaji mwingine ataliona hilo akiwa bado mlangoni. Tena wapo askari wa Marekani waliousugua mtutu wao mpaka ukawa mweupe, kwa hiyo chuma kisicho na rangi ya samawati ya kiwandani si lazima kiwe kimeharibika. Mshauri mwenzako akubali lengo jingine: kuuzuia uharibifu uliopo na kuziacha dalili za matumizi mahali pake. Ningekuwa mimi, ningekataa kazi ya kulifanya jipya.

Mkikubaliana, piga picha kila upande, mihuri yote kwa karibu, ndipo ufungue.

Skrubu za bunduki hizi zina mfereji mwembamba kichwani, wenye kuta zilizonyooka. Bisibisi ya kawaida imechongwa kama kabari; ukiikaza hupanda juu na kutafuna kichwa. Nunua bisibisi yenye ncha bapa sambamba, uinoe mpaka ijae mfereji kwa urefu na unene wote. Kwa zile mbili zilizogoma, tia tone la mafuta ya kupenya, acha usiku kucha, rudia siku kadhaa. Mguso wa ncha ya chuma cha kulehemu juu ya kichwa husaidia, maana joto hutanua na kupasua kutu kwenye uzi. Geuza kidogo upande wa kukaza kabla ya kufungua. Ikikataa bado, iache; skrubu iliyogoma ikiwa nzima ina heshima kuliko iliyovunjika.

Mtambo unatoka hivi: nyundo ikiwa nusu, legeza skrubu mbili za ubavu wa kushoto mizunguko michache tu, kisha gonga vichwa vyake kwa kipini cha mbao, kimoja baada ya kingine. Bamba litainuka sawasawa upande wa pili bila kubanjua kingo za mbao. Wengi huchokoa bamba kwa bisibisi, na kibanzi kinachotoka pale hakifichiki tena. Baada ya hapo toa mdeki (fimbo ya kushindilia), skrubu ya mkia wa mtutu, legeza pete, na mtutu utainuka. Kizibo cha nyuma ya mtutu usikiguse.

Sasa kutu. Masalia ya baruti nyeusi ni chumvi, na chumvi huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Ndiyo maana mtutu uliopakwa mafuta tu huendelea kuoza chini kwa chini. Ukiwa na uhakika kuwa ni tupu, osha ndani kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kausha. Kwa nje, loweka kutu kwa mafuta mepesi na uikwangue kwa kipande cha shaba, ambacho ni laini kuliko chuma. Inayobaki igeuze: ondoa mafuta yote, kisha chemsha mtutu mzima kwa nusu saa hivi ndani ya maji yasiyo na chumvi, kama yale ya kuongezea kwenye betri. Kutu nyekundu inageuka kuwa nyeusi, aina tulivu isiyokula chuma. Utatoa mtutu ukiwa na unga mweusi kama masizi. Usugue kwa brashi ya nyuzi laini, urudie mpaka wekundu uishe. Joto hilo halitoshi kuyeyusha lehemu ya kilengeo. Kausha upesi ukiwa bado moto na upake mafuta ndani na nje. Bamba la mtambo na nyundo usivichemshe wala kuving'arisha. Viligumishwa kwa moto maalumu ulioacha rangi za mawingu, na huenda mabaki yake bado yapo chini ya uchafu. Mafuta na kitambaa vinatosha.

Shaba ya njano ya kitako na ya kilinzi cha kifyatulio ifute tu. Epuka dawa za kung'arishia zenye amonia, kwani huweza kuipasua shaba, na utando mweupe wa dawa hizo hujaa kwenye mifereji ya mbao.

Kwenye mbao, jaribu spiriti mahali pasipoonekana. Vanishi ikilainika, iondoe kwa kitambaa, kidogo kidogo. Isipolainika, tumia dawa ya kuondolea rangi iliyo nzito kama uji, mbali na mihuri. Msasa hapana. Pale mbao ilipobonyea bila nyuzi kukatika, weka kitambaa chenye unyevu na ugusishe pasi ya moto. Mvuke huvimbisha nyuzi zikarudi juu. Usifanye hivyo juu ya muhuri, kwa sababu nao ni mbao iliyobonyezwa, na mvuke utauinua pia. Maliza kwa mafuta ya kitani, tabaka jembamba sana, ukifuta yote yanayobaki juu. Vitambaa vya mafuta hayo vitandaze nje vikauke, au uviloweke ndani ya kopo la maji. Vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.

Andika orodha ya ulichofanya na ulichoacha, umkabidhi mwenzako pamoja na picha, na kila mmoja awe na karatasi za umiliki kama sheria ya mahali mlipo inavyodai. Akisema anataka kulipiga risasi, usimkubalie kwa sababu ya usafi wa nje: fundi mwenye leseni apime kwanza mtutu, uzi wa chuchu na kizibo cha nyuma.