Vishikio vya bafuni: bima ya mama haivilipii?

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Mama ana miaka 71, anakaa Marekani kwa kaka yangu, na ana kadi ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko kwa wazee. Ameteleza bafuni mara mbili. Kaka anasema bima hailipii vishikio vya ukutani, kwa hiyo tuchange. Ni kweli, au anatukamua?
Binti, Bombo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako hadanganyi. Medicare ya kawaida huhesabu vishikio, kiti cha kuogea na kiinua choo kuwa vitu vya kurahisisha maisha, si vifaa vya tiba. Mimi niliyeuguza wazee waliovunjika nyonga naona ni ajabu, lakini ndiyo kanuni. Kiti chenye ndoo ya haja hulipiwa, daktari akithibitisha kwamba mgonjwa hawezi kutoka chumbani mwake. Mama anayekwenda bafuni mwenyewe hapati.

Muulize kaka: kadi ni ya Medicare ya kawaida, au ni Medicare Advantage ya kampuni binafsi? Baadhi ya hizo Advantage hulipia vifaa vya bafuni. Apige namba iliyo nyuma ya kadi, apewe jibu kwa maandishi kabla ya kununua chochote.

Wakikataa, changeni. (Sisi huku Uganda hata bima ya afya ya taifa ya kulalamikia hatuna, na hela ya SAGE, msaada wa serikali kwa wazee, ni shilingi 25,000 kwa mwezi, nayo yasubiri mtu afikishe miaka 80.) Kishikio kifungwe kwa skrubu kwenye mbao zilizo ndani ya ukuta. Vile vya kunata kwa mpira msinunue kabisa.