Maswali na Majibu: Macho Yanapokataa Usukani

Barua nilizochagua safari hii zimetoka kwa watu ambao macho yamewatoa, au yanakaribia kuwatoa, kwenye usukani. Mimi mwenyewe niliacha kuendesha kwa sababu ya presha ya macho, kwa hiyo anayetafuta ruhusa ya kuendelea "kidogo kidogo" amebisha hodi nyumba isiyo yake.

Nina presha ya macho. Nikipata miwani yenye nguvu zaidi, je, nitaweza kuendesha tena? (Msomaji wa Tabata)

Hapana, na swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Miwani hurekebisha namna mwanga unavyotua ndani ya jicho, ilhali presha ya macho huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na sehemu ya mshipa huo iliyokwisha kufa hairudi. Matone unayopewa yanalinda kilichobaki, basi. Kwa kuwa umeniandikia, nikuonye na jambo ambalo hukuliuliza: usijinunulie dukani matone ya kutuliza muwasho wa macho, kwa sababu baadhi yana steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na steroidi huweza kuipandisha presha hiyo hiyo unayoikimbia.

Mimi ni dereva wa lori. Ubao wa hospitali nausoma hadi mstari wa chini, lakini daktari ameniambia niache kazi. Je, hanionei? (Msomaji wa Tunduma)

Hakuonei. Ubao wa herufi hupima uoni wa katikati peke yake. Presha ya macho kwa kawaida huanza kula pembeni, polepole na bila maumivu, na ubongo huliziba pengo hilo kwa kubuni, hivyo mgonjwa haoni giza wala ukungu wa kumshtua. Siku niliyomchubua mwendesha bodaboda aliyekuwa akipita kushoto kwangu, asubuhi yake nilikuwa nimesoma gazeti zima bila taabu. Nilishuka nikamfokea kwamba amechomoza kama mzuka, kumbe hakuchomoza popote. Alikuwa ubavuni mwangu muda wote, ila mimi sikuwa na jicho la upande huo. Yeye aliondoka na goti lililochubuka. Mimi niliomba radhi baada ya wiki mbili, nilipokwisha kupimwa.

Rudi kwa daktari uombe kuonyeshwa majibu ya kipimo cha upana wa kuona, kile ambacho unakodolea nukta moja na kubonyeza kitufe kila taa ndogo inapowaka pembeni. Maeneo meusi utakayoyaona kwenye karatasi hiyo ndiyo majibu ya swali lako. Uingereza hawaridhiki na dereva kusoma namba ya gari lililo umbali wa mita 20. Wanataka pia upana wa kuona usiopungua nyuzi 120. Sisi bado tunaamini kwamba anayesoma herufi anaona, na imani hiyo nitaipinga kila nitakapopewa nafasi hii.

Kuhusu mkate wako, mwandikie mwajiri na uambatanishe barua ya daktari, kabla ajali haijakuandikia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na mtu anayejua barabara, mizani na mipaka kama wewe anafaa kupanga safari za magari au kufundisha madereva wapya. Halafu waambie ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako wakubwa wakapimwe, kwa maana ugonjwa huu hutembea katika ukoo.

Je, nikiendesha mchana tu, tena njia niliyoizoea? (Wasomaji wanne, maneno yale yale)

Umeizoea njia, mtoto anayevuka leo hujamzoea.

Baba yangu ana miaka 71. Amekwisha kuligonga geti mara tatu, na hataki kusikia habari ya kuacha gari. Tumfiche funguo? (Binti wa Moshi)

Msimfiche, mwanangu. Mzee anayefichiwa funguo huenda kuchongesha nyingine, na hatawaambia tena anapojikwaa. Kwanza mjue anaumwa nini. Ikiwa ni mtoto wa jicho, upasuaji huondoa lenzi iliyofifia na kuweka ya bandia, na wengi hurudi barabarani wakiwa salama. Ikiwa ni kisukari kilichofika kwenye macho, kuna matibabu, lakini hayasubiri. Nanyi mko jirani na hospitali ya KCMC, kwa hiyo sioni sababu ya kubishana nyumbani juu ya jambo linaloweza kupimwa. Hadi siku hiyo asiendeshe, na mmoja wenu ampeleke.

Ikithibitika kwamba hakuna marekebisho, neno la kuacha litoke kwa daktari, naye akiwa ameketi pale pale, si kwa watoto aliowafundisha kuendesha. Gari libaki lake: aketi kiti cha mbele, aamue linakwenda wapi na nani analiendesha.

Tangu macho yafifie, naona watoto wenye nguo za rangi wakikatiza barabara. Nafunga breki, kumbe hakuna mtu. Jirani anasema ni majini. (Msomaji wa Tanga)

Jirani yako aachwe na majini yake. Ubongo uliokosa picha za kutosha huweza kujitungia zake, na jambo hili lilielezwa tangu mwaka 1760 na Charles Bonnet wa Geneva, aliyeliona kwa babu yake. Huo si wazimu. Hata hivyo mweleze daktari, kwa kuwa dawa na maradhi mengine huleta hali inayofanana. Gari liache leo hii, kwani ukishawazoea hao watoto wa uongo, hutafunga breki atakapopita wa kweli.

Nimeuza gari, na sasa naona aibu kuomba watu wanipeleke sokoni. (Mama wa Mbagala)

Usiombe, lipa. Fedha ya mafuta, bima, matairi na fundi iwekee mkoba wake, kisha patana na madereva wawili wa bajaji, wa pili akiwa wa siku ambayo wa kwanza hapokei simu. Washa programu ya simu inayosoma kwa sauti, kama TalkBack kwenye Android. Fimbo nyeupe ishike hata kama bado unaona kiasi, ili konda na madereva wakuone wewe. Namba ya siri ya fedha za simu asiijue dereva yeyote, hata akiwa mcha Mungu, na noti uzipange nyumbani kabla ya kutoka: za elfu kumi zikunjwe kwa urefu, za elfu tano zikunjwe mara mbili, za elfu mbili zibaki zilivyo.