Kusoma herufi zote si kuwa na macho mazima

Dada mmoja kaniandikia wiki hii. Mdogo wake yuko kidato cha pili; giza likiingia anatumbukia mitaroni, na mchana anagonga watu wa pembeni. Hospitalini kasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini. Wakaambiwa macho mazima, mpeni karoti.

Karoti! Nimezila mimi mpaka viganja vikawa vya njano. Ni kweli ukosefu wa vitamini A huleta upofu wa usiku, ndiyo maana ushauri huo haufi. Lakini retinitisi pigmentosa, ugonjwa wangu wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ni wa kurithi. Kwa kawaida huanza kula pembeni, katikati ikaachwa miaka mingi, na ubao wa herufi unapima katikati tu. Nyumbani niliitwa mzembe, mtaani mlevi. Sijasahau.

Kilichonisafisha jina ni ERG, kipimo cha umeme wa retina. Unatiwa matone ya kupanua mboni, unakaa gizani kama dakika 20, kisha kwa taa nyekundu hafifu mtaalamu anakulaza uzi mwembamba kwenye ukingo wa chini wa jicho. Taa inamulika, retina inatakiwa ijibu kwa umeme. Mstari wangu ulilala chali. Halafu nikapimwa upana wa kuona: kidevu kwenye kishikio, jicho moja limefunikwa, unabonyeza kila uonapo nukta ya mwanga. Karatasi ilitoka nyeusi, imebaki tundu jeupe katikati. Niliikunja nikaenda kumwonyesha baba mdogo.

Sasa sikilizeni, hasa wazazi. Msiondoke na jibu la ubao peke yake. Ulizeni upana wa kuona, ulizeni ERG, ulizeni picha. Picha iitwayo OCT inaonyesha tabaka za retina, na pale mstari wa seli zinazopokea mwanga unapokatika unauona mwenyewe. Picha inakwambia kilichobaki, kipimo cha kazi, kama ERG, kinakwambia kama kinafanya kazi. Kimoja bila kingine ni nusu ya habari. OCT hufichua pia maji yaliyojaa katikati ya retina, na hayo mara nyingi hupunguzwa kwa matone au vidonge hata kama ugonjwa wenyewe hautibiki.

Mtu asiwaambie “hakuna dawa, vipimo vya nini?” Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha Luxturna, tiba ya jeni, kwa wenye hitilafu katika nakala zote mbili za jeni ya RPE65, na sharti mojawapo ni retina iwe bado na seli hai za kutosha. Bila picha utajuaje?

Wekeni faili. Upana wa kuona hupanda na kushuka kwa uchovu, msilie kwa karatasi moja. Rudieni, ikiwezekana kwa mashine ileile.

Na wewe dada, kama mdogo wako husema “eh?” kila unapomwita, mtajie daktari hilo pia. Kuna aina ya ugonjwa huu iitwayo Usher, inashika macho na masikio pamoja.